Mashine Niliyoifundisha Salamu

Mwalimu Elifasi tumemzika Madale, kule juu kilimani alikojenga nyumba yake ya uzeeni. Baada ya ibada tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tukagawiwa wali na nyama, na mwanawe mkubwa akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Akasema baba yake ndiye aliyeleta barua za kompyuta Temeke, wakati wengine hawajui hata kompyuta ni mnyama gani. Watu wakapiga makofi, msibani, na mie nikaendelea kutafuna. Nilikuwa mfanyakazi wake wa kwanza na kwa mwaka mzima wa pekee, kwa hiyo nilijua ningeweza kuitwa niseme neno. Nikamwomba Mungu nisiitwe. Ningesema nini? Mwaka ule niliokaa na Mwalimu katika nyumba ya Temeke ndio ulionifanya niwe mtu wa kusoma kila karatasi mpaka mwisho, hata risiti ya dukani, hata kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa ya mafua. Wanangu hunicheka. Sijawahi kuwaambia sababu.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya Bi Tatu, nyumba ya Kizaramo ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Alizaliwa humo humo, na mumewe alipofariki akaona bora apangishe vyumba vya mbele kuliko kukaa anavitazama. Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu kwanza, kisha akaajiriwa shirika la umma, kisha akapunguzwa kazi kama walivyopunguzwa wengi miaka ile. Wenzake wengine walifuga kuku wa mayai, mmoja akafungua duka la vioo. Yeye kiinua mgongo chake chote akakitia kwenye mashine moja ya rangi ya maziwa yaliyochacha, laini ya simu, na printa iliyokuwa ikipiga kelele kama cherehani. Mie nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka Kinondoni na cheti cha kompyuta cha miezi tisa, na kiburi ambacho hakikutoka kwenye cheti chochote.

Mashine ile tuliiita seva. Kazi yake ilikuwa kupokea barua zinazokuja kwa njia ya simu kutoka ng'ambo na kuziweka kila moja katika sanduku la mwenyewe, basi, posta ndogo isiyo na stempu. Wateja wetu walikuwa watu wenye ndugu Maskati, Uingereza, Afrika Kusini, na makarani wa kutoa mizigo bandarini. Wakija wanakaa kwenye benchi, nawachapia barua zao, na wasiojua kusoma nawasomea kwa sauti ndogo. Chumba cha mashine kilifungwa madirisha kwa sababu ya vumbi, joto lake lilikuwa la kukamua shati, na kila asubuhi nilikuta Bi Tatu ameifunika seva kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, kile cha maua ya waridi wanachofunikia televisheni. Kila asubuhi nilikitoa nikamweleza kwamba inahitaji kupumua. Kesho yake nakikuta kimerudi. Alisema kitu kinacholeta habari za watoto wa watu hakiachwi uchi.

Na yeye alikuwa na lake. Mwanawe wa pekee, Shabani, alizamia meli miaka minne kabla yetu. Aliondoka bila kuaga, baba yake akiwa kitandani, na baba hakuinuka tena. Bi Tatu hakuwa na habari yake yoyote mpaka mwaka ule, mwezi wa pili wa kazi yangu, ilipokuja barua ya mistari mitatu. Shabani alikutana na mtu wa Temeke kwenye nyumba ya mabaharia katika bandari moja ya mbali, akapewa anwani yetu, na mhudumu wa nyumba ile akamwandikia: mama, niko hai, nimesikia baba hayupo, sijui niseme nini. Nilimsomea Bi Tatu uani. Akaendelea kuchambua mchicha mpaka ukaisha, ndipo akaniambia niandike jibu: rudi, mengine utayakuta. Nikamuuliza, hayo tu mama? Akasema hayo yanatosha, huyo ni mwanaume mzima. Ikapita miezi mitano bila neno. Kila asubuhi alipotuletea chai alisimama mlangoni akauliza, "Yangu imekuja?" na mie nikasema bado. Alimtaka mwanawe arudi, hakuwa na jingine duniani, na lugha yote aliyonayo ya kulisema hilo ilikuwa ni lile swali la asubuhi.

Sasa kuna hii habari ya Ijumaa. Programu zilizoendesha ile seva zilikuwa za bure, zikitengenezwa na watu wa kujitolea huko ng'ambo, na kila wiki walikuwa wamegundua tundu mahali wakaliziba. Kama hukuchukua kiraka chao, tundu linabaki kwako. Kuchukua maana yake kupiga simu kwa modemu, kile kijisanduku kinacholia kama paka aliyekanyagwa, kuangalia kipi kipya, kukivuta polepole, kutoa cha zamani, kuweka kipya. Laini za simu mchana zilikuwa balaa, isipokuwa Ijumaa saa saba, wanaume wako msikitini na maduka yamefungwa. Saa ile simu ilishika mara moja. Lakini saa ile ile ndiyo Bi Tatu alikuwa anapakua pilau uani, na mie niko chumbani natoka jasho mbele ya kioo cheusi, naandika amri zile zile nilizoandika Ijumaa iliyopita. Nikija kula, ukoko umebaki na kachumbari imelegea. Nacheka nikikumbuka, lakini ndivyo ilivyoanza. Sikutaka kuendeleza sayansi. Nilitaka kula pilau ya moto.

Nikaandika skripti. Ni orodha ya amri tu, mashine inaisoma mstari kwa mstari na kutenda, na unaipangia saa yake ya kuanza. Piga simu. Tazama kipya. Vuta. Futa cha zamani. Weka kipya. Washa. Kata simu. Chapa ripoti. Ilinichukua wiki tatu za kukosea, na siku iliyokwenda yenyewe mwanzo mpaka mwisho, mie nimekunja mikono, nilihisi nimezaa. Kitu ambacho sikukiandika ni kuuliza. Mtu akivuta kitu kikakatika njiani, anasita. Skripti haisiti. Ikimaliza mstari wa tatu, umefaulu au haukufaulu, inakwenda wa nne.

Mwalimu aliishika ile ripoti ya kwanza kwa ncha za vidole. Karatasi ilianza moja kwa moja na malalamiko, kosa hili, kosa lile. Akauliza kama huyu mtu hana hata salamu. Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa mtu wa adabu mno, mtoto wa Upareni aliyelelewa kwa fimbo ya kanisa, na hata mimi nilipomwamkia shikamoo kwa haraka alinirudisha mlangoni niingie upya. Nikaona ana haki. Sisi kwetu mtu akija na habari ya msiba, kwanza mnasalimiana. Habari za huko? Nzuri. Watoto? Wazima. Ndipo anaweka ila yake: ila baba mdogo katutoka jana. Hakuna anayemwita mwongo, kila mtu anajua ile nzuri ni mlango tu na habari yenyewe iko ndani. Basi nikaifundisha mashine hivyo hivyo. Juu kabisa ikachapa: Shikamoo Mwalimu. Habari za kazi: nzuri. Kisha, kama kuna tatizo, mistari ya chini ianze na neno ila. Mwalimu alifurahi mpaka akawaonyesha wateja. Mstari ule wa juu mashine iliuandika kabla haijafanya kitu chochote, maana salamu ndiyo inayotangulia. Sikuona ubaya wake.

Zikapita Ijumaa nyingi za pilau ya moto. Ripoti zikaja nzuri, bila ila, na nikamwambia Mwalimu asijisumbue kusoma yote, akiona nzuri atie kwenye rundo. Naye akaacha, na mie nikaacha kabla yake. Rundo likapanda, Bi Tatu akaomba karatasi zile za kufungia vitu jikoni, tukampa. Mpaka leo najiuliza jambo moja. Kama ningekuwa mvivu wa kweli, nikaacha hizo programu bila kuzigusa, lisingetokea lolote. Lakini mie nilikuwa mvivu mwenye akili, na huyo ni mtu wa kuogopwa.

Ijumaa yenyewe umeme ulipepesa mara mbili tukiwa uani tunakula. Redio ikanyamaza, ikarudi. Bi Tatu akauliza kama mashine haitadhurika. Nikamwambia ina betri yake ya akiba, haizimi, na inajua kazi yake. Kweli haikuzima. Ila modemu nilikuwa nimeichomeka ukutani, si kwenye betri. Simu ilikatika katikati ya kuvuta programu ya kugawa barua, ikabaki nusu faili. Skripti ikafuta programu nzima ya zamani, ikaweka ile nusu mahali pake. Mie niliomba niongezewe kachumbari.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kimya, na kimya chenyewe hakikuwa na sura ya kutisha, ndiyo maana nakiogopa hadi sasa. Barua za kwenda zilikwenda. Za kuja ziliingia vizuri mlangoni, zikapokelewa, zikakosa wa kuzipeleka kwenye masanduku, zikabaki zimepangana gizani ndani ya mashine. Kila baada ya nusu saa seva ilijaribu upya kuzigawa na kushindwa, na taa yake ya njano ikapepesa kwa nguvu kwa dakika nzima. Mie nikaitazama ile taa nikasema leo ina bidii. Watu walikuja wakakaa kwenye benchi, wakauliza, nikawaambia hakuna. Mzee mmoja mwenye binti Maskati aliuliza siku tatu mfululizo, siku ya nne akasema labda kaolewa na watu wasiotaka aandike, akaondoka ameinamisha kichwa. Kila mmoja alidhani ni wake tu aliyenyamaza, na aibu ya kusahauliwa na mtoto wako si jambo unalolitangaza mbele ya benchi zima. Kwa hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake. Bi Tatu naye aliuliza kila asubuhi, na kila asubuhi nikamjibu bado bila kunyanyua macho.

Ijumaa ya pili nayo ikapita, karatasi ikatoka, nikaona shikamoo yake, nikaitupia rundo. Jumanne baada yake Bi Tatu alituletea changu wa kukaanga, amewalaza juu ya karatasi inyonye mafuta. Nikainua samaki wangu. Chini yake mafuta yalikuwa yameifanya karatasi ing'ae, na maandishi ya printa yetu yakaonekana wazi kuliko siku yalipochapwa. Habari za kazi: nzuri. Ila simu imekatika. Ila faili ni pungufu. Ila programu ya kugawa barua haikuwaka. Nikaangalia tarehe. Ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nikakimbia nayo hivyo hivyo mpaka kwenye kibao cha kuandikia.

Kutengeneza hakukuchukua hata saa moja. Nilikuwa na programu ya zamani kwenye disketi, nikairudisha, nikaiwasha, na barua za siku nyingi zikaanza kumiminika kwenye masanduku, jina baada ya jina. Nilianza kupumua. Kisha zikaja nyingine, zenye jina langu, kwa sababu mie ndiye niliyekuwa msimamizi wa seva. Nilikuwa nimesahau kwamba mashine hii ina desturi yake. Barua ikikaa siku tano haijagawiwa, inamrudishia aliyeiandika, pamoja na maneno kwamba mpokeaji hakupatikana katika nyumba hii, yaani katika mashine hii, na msimamizi anapewa nakala. Nyingi zilikuwa za mambo madogo. Moja ilitoka nyumba ya mabaharia. Iliingia kwetu Jumatatu ya wiki ya kimya, ikarudishwa Jumamosi. Shabani alikuwa ameandika hivi: mama, ulisema nirudi, hukusema umenisamehe, nami naogopa hayo mengine nitakayoyakuta. Meli yangu inaondoka Jumapili kwenda mbali sana. Ipo meli nyingine inakuja Dar, wamenikubalia kazi humo. Nikipata radhi zako kabla ya Jumapili, narudi. Nasubiri hapa hapa.

Nilimwonyesha Mwalimu kwanza, woga wangu ndio ulionipeleka kwake. Akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akafunga mlango wa ukumbini na kushusha sauti. "Mwandikie sasa hivi. Mwambie mama amekusamehe, rudi. Huyu mama tutamwambia taratibu." Nilikaa mbele ya mashine, nikaandika jina la Shabani, vidole vikasimama. Nikamwambia, "Mwalimu, radhi si yangu. Siwezi kuitoa." Namheshimu kwamba hakunizuia, lakini pia hakuja nami uani, na hilo sikulisahau hata pale Madale.

Bi Tatu alikuwa anapepeta mchele. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamsomea yote, na tarehe nikamsomea. Alinisikiliza akiwa ameshika ungo hewani. "Nisomee tena," akasema, nikasoma tena. Akauliza imekuja lini, nikamwambia Jumatatu ya wiki iliyopita. Akauliza Jumapili ipi, nikamwambia juzi. Nikajaribu kumweleza habari ya umeme na nusu faili, nikasikia sauti yangu mwenyewe nikanyamaza. Nililia, sikuona aibu.

"Kwa hiyo mtoto kakaa siku tano ananisubiri," akasema, "na mie niko hapa kila asubuhi nakuuliza wewe."

Hakupandisha sauti. Akaweka ungo chini, akanitaka niende nikaandike: nimekupa radhi zangu zote, duniani na akhera, rudi nyumbani, hakuna mengine utakayoyakuta. Akasimama nyuma yangu katika kile chumba cha joto mpaka nilipoituma, na akataka nimwonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa radhi.

Jibu lilichukua siku tisa. Halikutoka kwa Shabani. Yule mhudumu wa nyumba ya mabaharia aliandika kwa Kiingereza, kwa upole, barua ndefu ya mtu ambaye hajui kama anachokisema kinapaswa kusemwa. Nilimtafsiria Bi Tatu sentensi moja moja. Alisema barua ya Shabani iliporudi Jumamosi asubuhi, Shabani alimwomba amsomee ile karatasi ya mashine mara tatu. Mpokeaji hakupatikana katika nyumba hii. Shabani akamweleza kwamba mama yake alizaliwa katika nyumba ile na hajawahi kulala nje yake, na ukiambiwa hayumo, basi ujue yuko wapi. Mhudumu alijaribu kumwambia huenda ni hitilafu ya kompyuta. Shabani akasema hapana, angekuwapo angejibu. Jioni ile akatafuta Waislamu pale bandarini, wakamsomea mama yake hitima. Jumapili akapanda meli yake ya mbali. Mhudumu hakujua ni kampuni gani.

Nilitegemea kilio cha Bi Tatu, nilikuwa nimeshajiandaa kumshika. Badala yake akaniuliza swali ambalo linaniamsha hadi leo.

"Walikula nini?"

Nikamwambia mhudumu hakuandika.

"Hitima yangu," akasema, "na sijui kama walipata hata chai."

Tuliandika tena, na tena. Tuliandika kwa nyumba za mabaharia za bandari nyingine, kila anwani niliyoweza kuipata, maneno yale yale, mama yako yuko hai. Baadhi walijibu kwamba hawamjui. Skripti niliiandika upya, ikiwa na tatizo inasimama na kulisema mstari wa kwanza bila kumwamkia mtu, na Mwalimu hakulalamika kuhusu adabu tena. Mwisho wa mwaka niliacha kazi. Bi Tatu alinipikia siku ya kuondoka, akanipakulia sahani yangu mbele ya wengine, na hakukaa kula nami. Hakuwahi kukaa kula nami tangu ile Jumanne, na hakuwahi kunisema.

Aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo. Nilikuwa nakwenda kumwona sikukuu zote mbili, na kila mara alinishikisha simu yake nimtazamie kama kuna kitu kimeingia. Siku aliyofariki walinipigia mapema, nikawahi kuoshwa kwake. Wakati jeneza linasubiri kutolewa, ndugu yake mmoja mzee akauliza ukumbini, mbele ya watu, kama kuna yeyote aliyempelekea Shabani habari. Watu wote wakanigeukia mie, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mwandishi wa barua zake. Nikawaambia sina anwani. Sikuwaambia kwamba Shabani, popote alipo, alimzika mama yake zamani, na kwamba mie ndiye niliyempelekea habari.